‘Pass out’ si ‘pass away’: Vitenzi vifupi vya Kiingereza ambavyo familia yako inapaswa kuvijua

Na Mwandishi Wetu

Tuseme ni saa nne usiku na ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Umeandikwa na binamu aliyekulia Uingereza, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Anasema hivi: ‘Uncle passed out at work, but he came round.’

Dada anayejua kwamba ‘pass’ ni kufaulu anaandika hongera. Shangazi anayekumbuka neno hilo kwenye matangazo ya misiba anaanza kulia. Mwingine anauliza mjomba amekwenda kumtembelea nani, maana anajua ‘came’ ni alikuja. Ukweli ni kwamba mjomba alizimia akiwa kazini, lakini amezinduka.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini mtego uliomo ni wa kweli. ‘Pass’ peke yake ni kupita au kufaulu. ‘Pass out’ ni kuzimia. ‘Pass away’ ni kufariki. ‘Pass on’ inaweza kuwa kumwambukiza mtu ugonjwa, kumfikishia mtu ujumbe au kufariki pia. Kitenzi ni kilekile, kilichobadilika ni kijineno cha mwisho tu.

Vitenzi vya namna hii, ambavyo vitabu vya Kiingereza huviita ‘phrasal verbs’, ni vile vinavyoundwa na kitenzi cha kawaida na neno dogo kama ‘up’, ‘out’, ‘off’ au ‘down’. Wazazi wengi huviona kama mambo ya darasani, ya mwalimu wa Kiingereza na mtihani wake. Lakini kwa anayeandika habari za afya, vitenzi hivi vinaonekana mahali pengine kabisa: kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, kwenye chupa ya dawa ya unga ya mtoto, kwenye maelezo ya pampu ya pumu na kwenye ushauri wa daktari asiyejua Kiswahili. Huko, kukosea maana kuna madhara makubwa kuliko alama mbili za mtihani.

Maneno rahisi yanayodanganya

Ugumu wa vitenzi hivi unatokana na sura yake. Neno refu kama ‘hypertension’ linakutisha mapema, kwa hiyo unauliza. Lakini ukikutana na ‘make up’, kila neno unalijua, na unapita ukiamini umeelewa. Hapo ndipo kosa linapoingia.

Chukua hilo hilo ‘make up’. Wengi tunalijua kama vipodozi vya usoni. Kwenye somo la Baiolojia lina maana ya kuunda kitu, kama seli zinavyounda tishu. Kwa watu waliogombana ni kupatana. Kwa mtu anayesimulia uongo ni kutunga. Kwenye dawa lina maana mbili nyingine, na zote mbili zinamhusu mtoto wako moja kwa moja.

Ya kwanza iko kwenye sentensi inayoonekana mara nyingi katika karatasi za maelezo ya dawa: ‘Do not take a double dose to make up for a forgotten dose.’ Hapa ‘make up for’ ni kufidia. Sentensi inamwambia mgonjwa asimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia ile aliyosahau. Mzazi anayeruka kitenzi hicho na kushika maneno ‘double dose’ na ‘forgotten dose’ anaweza kuelewa kinyume kabisa, kwamba ukisahau dozi moja unatoa mbili.

Maana ya pili iko kwenye dawa za unga za watoto, hasa antibiotiki, zinazochanganywa na maji kabla ya kutumika. Huko ‘make up’ ni kuandaa dawa kwa kuichanganya na maji. Ukisoma ‘once made up’, inamaanisha baada ya kuchanganywa. Sentensi hiyo kwa kawaida hufuatwa na idadi ya siku ambazo dawa inafaa kutumika, kisha ‘throw away’, yaani tupa kinachobaki. Maelezo hayo yanakukataza kuitunza chupa hiyo kabatini hadi mtoto augue tena.

Kwenye chupa hizohizo unaweza kukuta ‘top up to the line’. Maana yake ni ongeza maji mpaka yafike kwenye alama. Unga ukitiwa maji na kutikiswa, povu hutulia na kimiminika hushuka, ndiyo maana unaambiwa uongeze tena hadi mstari. Maji yakipungua, kila kijiko kinakuwa na dawa nyingi kuliko inavyotakiwa. Yakizidi, dawa inakuwa hafifu.

Kuvuta na kutoa pumzi

Kwa familia yenye mtoto mwenye pumu, vitenzi viwili ni vya kukariri: ‘breathe in’ na ‘breathe out’. Cha kwanza ni kuvuta pumzi, cha pili ni kuitoa.

Maelezo ya pampu ya kawaida ya pumu humtaka mgonjwa aitikise, atoe pumzi kwanza, aweke pampu mdomoni, kisha abonyeze huku akivuta pumzi polepole na kwa kina. Baadaye anaishikilia pumzi kwa sekunde chache, hadi 10 kama anaweza, ndipo aitoe. Kwa Kiingereza hatua hizo zinategemea ‘in’ na ‘out’. Anayevigeuza anabonyeza dawa wakati pumzi inatoka, na dawa inaishia mdomoni na hewani badala ya kufika kwenye mapafu. Mzazi anaweza kudhani dawa haifanyi kazi, kumbe tatizo ni mpangilio wa hatua. Kwa mtoto mdogo pampu hutumika na chemba maalumu, na ni vizuri mhudumu wa afya akuonyeshe kwa vitendo.

Kwenye mazungumzo ya pumu utakutana pia na ‘flare up’, yaani ugonjwa kuamka au kuzidi ghafla, na ‘wear off’, ambayo ni nguvu ya dawa kuisha mwilini polepole. Daktari akisema dawa ‘will wear off after a few hours’, anamaanisha kwamba nguvu yake itapungua baada ya saa chache. Hajasema lolote kuhusu kuvaa au kuvua, ingawa ‘wear’ mtoto wako amefundishwa kuwa ni kuvaa.

Kupunguza si kuacha

Jozi nyingine inayohitaji umakini ni ‘cut down’ na ‘cut out’. Zote zimebeba ‘cut’, kukata. Lakini ‘cut down on’ ni kupunguza, na ‘cut out’ ni kuacha kabisa.

Mgonjwa wa shinikizo la damu akiambiwa ‘cut down on salt’, anatakiwa apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Mama mjamzito akiambiwa ‘cut out alcohol’, haambiwi apunguze glasi kutoka tatu hadi moja. Anaambiwa aache pombe kabisa. Maana hiyo ya kuacha inapatikana pia kwenye ‘give up’, kama ilivyo ‘give up smoking’, acha kuvuta sigara. Lakini ‘give up’ ikisimama peke yake ni kukata tamaa, na hapo ujumbe unakuwa mwingine.

Halafu kuna ‘put on weight’, kuongezeka uzito. Kliniki ya mtoto ikiandika kwamba mtoto ‘is putting on weight well’, hiyo ni habari njema. ‘Put off’ ni kuahirisha, na inapotajwa chanjo, ‘do not put off’ ni onyo la kutosogeza tarehe mbele.

Wazazi wa watoto wachanga wana kitenzi chao: ‘bring up’. Kwenye hotuba ya shuleni ‘bring up’ ni kulea. Kwenye kikao ni kuibua hoja. Kwenye kitabu cha malezi, mtoto anaposemwa ‘brings up milk’ baada ya kunyonya, maana yake anacheua maziwa. Ikiandikwa ‘throws up’, anatapika. Waingereza pia husema ‘be sick’ wakimaanisha kutapika. Kwa hiyo mhudumu wa Uingereza akikuuliza ‘Has she been sick?’, mara nyingi anataka kujua kama mtoto ametapika, kwa kuwa kuumwa kwake anakuona tayari.

Darasani na kwenye mtihani

Hapa nchini mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili, kisha anapoingia kidato cha kwanza masomo mengi yanageuka kuwa Kiingereza. Wazazi wanajua jinsi mwaka huo unavyokuwa mgumu. Tunanunua kamusi, tunalipia masomo ya ziada, tunamhimiza akariri misamiati. Lakini misamiati tunayomhimiza ni ya neno mojamoja, wakati maswali yenyewe yamejaa vitenzi vya maneno mawili.

Angalia maagizo ya kawaida. ‘Work out the area’ kwenye Hisabati ni kokotoa eneo, ingawa kwenye gym ‘work out’ ni kufanya mazoezi. ‘Fill in the blanks’ ni jaza nafasi zilizo wazi. ‘Carry out an experiment’ ni fanya jaribio, na mwanafunzi aliyefundishwa kuwa ‘carry’ ni kubeba anaweza kujiuliza anabeba nini kwenda nje. ‘Find out’ ni kuchunguza hadi kujua. ‘Leave out’ ni kuacha kitu bila kukiweka, na ‘cross out’ ni kukata kwa mstari ulichoandika. ‘Hand in’ ni kukabidhi kazi kwa mwalimu.

Baiolojia ndiyo imebeba mzigo mkubwa. Vimeng’enya ‘break down’ chakula, yaani hukivunja kuwa chembe ndogo ambazo mwili unaweza kuzitumia. Mimea ‘take in’ hewa ya kaboni dayoksaidi na ‘give off’ oksijeni wakati wa kutengeneza chakula chake, yaani huingiza moja na kutoa nyingine. Mwanafunzi anayejua sayansi hiyo vizuri kwa Kiswahili anaweza kukosa swali kwa sababu hakujua ‘give off’ ni nini. Mzazi anayeona alama hizo anaamini mtoto hapendi sayansi, kumbe hakulielewa swali.

‘Break down’ yenyewe inaonyesha jinsi kitenzi kimoja kinavyosambaa. Chakula kuvunjwavunjwa ni ‘break down’. Gari kuharibika njiani ni ‘break down’, ndiyo maana gari la kuvuta mengine tunaliita breakdown. Mtu kuzidiwa na majonzi hadi akaangua kilio ni ‘break down’ pia.

Mbona Kiswahili nacho kinafanya hivyo

Kabla mtoto hajakata tamaa, mwonyeshe kwamba tabia hii anaijua tangu alipoanza kuongea. Muulize ‘piga’ maana yake nini. Atasema kuchapa. Kisha muulize: tunapiga nini? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga chafya, tunapiga magoti, tunapiga kura. Hakuna anayechapwa hata mara moja. Mgeni anayetafsiri neno kwa neno atashangaa Waswahili wana ugomvi gani na simu. Mtoto wako hashangai, kwa sababu hakujifunza ‘piga’ na ‘simu’ mbalimbali. Alijifunza ‘piga simu’ kama kitu kimoja.

Kuna mfano mwingine mzuri zaidi. Kiingereza kinaongeza neno dogo baada ya kitenzi, sisi tunaongeza herufi ndani ya kitenzi. Anayehama anatoka kwenye nyumba, anayehamia anaingia. Waingereza wanasema ‘move out’ na ‘move in’. Chumba kinachonuka kinakera, chumba kinachonukia kinavutia, na tofauti ni herufi moja tu. Kufunga na kufungua, kukimbia na kukimbilia, vyote vinategemea kipande kidogo cha mwisho wa neno. Mtoto anayeweza kutofautisha hama na hamia bila kufikiri ana uwezo wa kutofautisha ‘cut down’ na ‘cut out’. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba mchezo ni uleule.

Tena baadhi ya vitenzi hivi tumekwishavimeza kama majina. Chekapu ya hospitalini inatokana na ‘check up’. Chakula cha takeaway kinatokana na ‘take away’, kuchukua na kuondoka nacho. ‘Lockdown’, neno tulilolisikia sana mwaka 2020 majirani zetu Uganda na Rwanda walipofunga shughuli kwa sababu ya Uviko-19, linatokana na ‘lock down’. Na neno ‘outbreak’ linaloonekana kwenye habari za kipindupindu kwa Kiingereza ni ‘break out’, kuzuka, iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu.

Kwa nini Waingereza wana maneno mawili mawili

Sehemu ya jibu iko kwenye historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala huku Kilatini kikitumika kanisani na kwa wasomi. Watu wa kawaida waliendelea na Kiingereza chao. Lugha ilibaki na safu mbili za maneno. Safu ya juu ina ‘vomit’, ‘postpone’, ‘discover’ na ‘extinguish’. Safu ya nyumbani ina ‘throw up’, ‘put off’, ‘find out’ na ‘put out’.

Kwa mwenyeji, ‘put off’ ndiyo rahisi na ‘postpone’ ndiyo ya kisomi. Kwa mgeni mambo yanageuka, kwa sababu ‘postpone’ ina maana moja inayopatikana kwenye kamusi, wakati ‘put off’ ina kadhaa. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza mwaka 1755, aliliona hilo mapema. Katika utangulizi wake alivitaja vitenzi hivi kuwa miongoni mwa mambo yanayowapa wageni shida kubwa zaidi katika lugha hiyo.

Hapa pana mkanganyiko ambao mzazi anapaswa kuujua. Daktari anayejitahidi kuzungumza lugha nyepesi na mgonjwa huacha ‘vomit’ na kusema ‘throw up’. Anadhani anakusaidia. Kwako wewe uliyejifunza Kiingereza darasani, amekuongezea ugumu. Usione aibu kumwomba aseme kwa njia nyingine.

Havihitaji kukaririwa vyote

Kamusi za vitenzi hivi zina maelfu ya maingizo, na hapo wengi huogopa. Lakini vinavyotumika sana ni vichache. Mwaka 2007 watafiti Dee Gardner na Mark Davies walichunguza mkusanyiko wa Kiingereza cha Uingereza wenye maneno takriban milioni 100. Waligundua kwamba vitenzi 20 tu, vikiunganishwa na vijineno 8, vinachukua zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi vya aina hii. Vitenzi hivyo ni vile ambavyo mtoto anavijua tayari, vikiwemo ‘go’, ‘come’, ‘take’, ‘get’, ‘put’, ‘bring’, ‘look’, ‘make’, ‘give’ na ‘break’. Vijineno ni ‘out’, ‘up’, ‘on’, ‘back’, ‘down’, ‘in’, ‘off’ na ‘over’.

Watafiti hao walionyesha pia kwamba vile 100 vinavyotumika zaidi vina wastani wa maana zaidi ya tano kila kimoja. Mwaka 2015 Mélodie Garnier na Norbert Schmitt wakatoa orodha ya 150 muhimu, na kuonyesha kwamba kwa kawaida maana mbili hivi za kila kimoja zinatosha kubeba sehemu kubwa ya matumizi. Hiyo ni habari njema kwa mzazi mwenye muda mchache. Anza na vilivyo vingi mitaani, na maana iliyo kubwa, mengine yatafuata.

Namna ya kujifunza nyumbani

Kwanza, fundisha sentensi badala ya orodha. ‘Run out’ iliyoandikwa peke yake haina uhai. ‘We have run out of sugar’, sukari imetuishia, ina jikoni ndani yake na mtoto hataisahau.

Pili, panga kwa mada. Vitabu vingi huweka ‘look after’, ‘look for’, ‘look up’ na ‘look into’ kwenye ukurasa mmoja, na mtoto anatoka akiwa amevichanganya vyote. Chukua vya ugonjwa wiki hii, vya jikoni wiki ijayo, vya darasani wiki inayofuata. Vitano kwa wiki vinatosha.

Tatu, mpe mtoto hisia ya vijineno. ‘Up’ mara nyingi huleta wazo la kumaliza kabisa: ‘eat up’ ni maliza chakula, ‘use up’ ni tumia hadi kiishe. ‘Down’ huleta kupungua: ‘slow down’, punguza mwendo, ‘calm down’, tulia, na homa ikishuka ‘goes down’. ‘Off’ huleta kutengana: ‘take off’, vua, ‘fall off’, anguka kutoka kwenye kitu. ‘On’ huleta kuendelea: ‘go on’ na ‘carry on’. Si kanuni isiyovunjwa, lakini inamsaidia mtoto kukisia kwa akili anaposoma hadithi.

Nne, mfundishe nafasi ya ‘it’ na ‘him’. Kwa vitenzi vingi vya aina hii, neno hilo hukaa katikati. Tunasema ‘take it off’, ‘throw it away’, ‘look it up’. Lakini ‘look after’, kutunza, haigawanyiki. Tunasema ‘look after him’. Mtoto azizoee kwa kuzisema kwa sauti, kama anavyozoea wimbo.

Tano, tumieni simu vizuri. Ukitafuta maana, andika kitenzi chote pamoja na kijineno chake, au sentensi nzima. Ukiandika ‘wear’ peke yake utaletewa nguo. Na kamusi ikitoa maana tano, rudi kwenye sentensi uone ipi inakubaliana na habari yenyewe.

Kumi na viwili vya kuanzia

Hivi ni vya afya. Viandike kwenye karatasi ubandike mlangoni mwa kabati la dawa.

Pass out: zimia.
Come round: zinduka, pata fahamu.
Throw up: tapika.
Come down with: shikwa na ugonjwa, kama mafua au malaria.
Break out: ugonjwa kuzuka. ‘Break out in a rash’ ni kutokwa na vipele.
Swell up: vimba.
Go down: homa au uvimbe kupungua.
Clear up: tatizo kama vipele kuisha.
Get over: pona ugonjwa, au kupita kipindi cha huzuni.
Pull through: pona baada ya hali kuwa mbaya sana.
Run out of: ishiwa, kama kuishiwa dawa.
Make up for: fidia.

Katika hivyo, ‘clear up’ ina hatari yake. Dalili zikiisha haimaanishi dozi imeisha. Maelezo ya antibiotiki yakisema uendelee ‘even if symptoms clear up’, yanakutaka uendelee na dawa kama ulivyoelekezwa hata kama mtoto ameshaanza kucheza.

Unaposema, chagua neno moja

Kuelewa vitenzi hivi ni jambo moja, kuvitumia ni jambo jingine. Siku ukilazimika kueleza hali ya mtoto kwa Kiingereza, uwe safarini, ughaibuni au mbele ya daktari mgeni, huna haja ya kuonyesha umahiri. Sema ‘faint’ badala ya ‘pass out’, ‘vomit’ badala ya ‘throw up’, ‘stop’ badala ya ‘give up’. Maneno hayo yana maana moja na hakuna atakayekuelewa vibaya. Akikujibu kwa kitenzi cha maneno mawili usichokifahamu, rudia ulivyoelewa kwa maneno yako na umuulize kama ndivyo alivyosema.

Hilo hilo linafaa kwenye msiba na ugonjwa wa mbali. Ujumbe ukifika kwa Kiingereza na una ‘passed’, kabla ya kuwaamsha wazee, piga simu. Uliza swali moja lisilo na mafumbo: je, ni mzima?

Na kwenye dawa, usikisie. Ukiwa na karatasi ya maelezo usiyoielewa, rudi nayo kwa mfamasia au kwenye duka la dawa ulikonunua, onyesha sentensi yenyewe kwa kidole na uombe uelezwe kwa Kiswahili. Ni haki yako kuelewa dawa unayompa mtoto, na hakuna mhudumu wa afya makini atakayekucheka kwa kuuliza ‘make up’ maana yake nini. Omba pia akuandikie kwa Kiswahili juu ya boksi: kiasi gani, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi.